Mali bila daftari: tuisome miti yetu kabla haijasomwa na wengine

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huwajia watu kwa wepesi wazungumzapo juu ya maduka, mifugo na fedha za vyama vya ushirika. Ni nadra mno kuisikia ikitajwa kuhusu miti. Hata hivyo, iwapo ipo mali ya nchi hii ambayo imekaa bila daftari tangu enzi za mababu zetu hadi hivi leo, mali hiyo ni miti yetu ya matunda: miembe, mipapai, mibuyu, mikwaju, ming'ongo, pamoja na jamaa zake wa porini. Twala matunda yake, twaketi kivulini mwake, na siku shida zikitubana twaikata tukachoma makaa. Lakini kuijua, hatuijui.

Rafiki yangu mmoja, mkulima wa huko Malindi, alipostaafu alinunua miche 30 ya miembe kwa mwenye kitalu aliyemhakikishia kwamba yote ilikuwa ya aina ya Apple, ile embe nono, ya mviringo, ipendwayo na wachuuzi kuanzia soko la Kongowea hadi la Wakulima. Aliichimbia mashimo, akaitia samadi, na miezi ya kiangazi akaitekea maji kwa punda. Mwaka wa nne miti ilipozaa, 11 kati yake ilitoa maembe madogo yaliyojaa nyuzi, ambayo wachuuzi waliyatazama mara moja wakaenda zao. Alipomwendea mwenye kitalu kulalamika, alijibiwa kwamba mche ni kama mtoto, hubadilika tabia akikua. Mzee wa watu alirudi nyumbani kimya. Hakuwa na ushahidi wowote wa kumwonyesha mwenye kitalu, wala chifu, wala hakimu.

Nachelea kusema kwamba kisa hicho si cha mtu mmoja. Mwembe wa kupandikizwa ni miti miwili iliyofanywa mmoja. Shina la chini hutokana na kokwa ya mwembe wa kienyeji, na juu yake hufungwa kitawi kilichokatwa kwenye mti mzazi wenye sifa zinazotakikana. Kitawi hicho kikikatwa kwenye mti usio wenyewe, iwe kwa hila au kwa kukosea, hakuna jicho la binadamu liwezalo kulitambua kosa hilo kwa uhakika mpaka mti uzae. Kinachopotea hapo si fedha tu bali miaka, na miaka hairudishwi na mahakama yoyote.

Ilhali ushahidi ulikuwamo ndani ya mche tangu siku ya kwanza. Katika kila jani, gome na mzizi mna DNA, ule uzi mwembamba unaobeba urithi wa kila kiumbe. Uzi huo ni mfano wa shanga zilizotungwa, ila shanga zake ni za aina nne tu, ambazo wataalamu wamezipa herufi A, C, G na T. Sehemu kubwa ya mpangilio wa shanga hizo hulingana kati ya mwembe na mwembe mwenziwe. Lakini zipo sehemu ambapo shanga mbili au tatu zile zile hurudiwarudiwa, tuseme mara 12 katika mti huu na mara 15 katika mti ule. Zipo na sehemu nyingine ambapo herufi moja tu imebadilika. Mahali kama hapo ndipo paitwapo alama ya jeni. Ukizisoma alama kadhaa za namna hiyo kwa pamoja, umeupa mti kitambulisho ambacho ni vigumu mno kughushiwa, na unaweza kusema kwa yakini kwamba kitawi hiki kilitoka kwenye mti ule au hakikutoka.

Kuziunda alama hizo si kazi ya siku moja. Sharti kwanza DNA ya mti isomwe, kisha zitafutwe sehemu zinazotofautiana. Alama zinazopatikana hujaribiwa kwa miti mingi ya mahali mbalimbali pamoja na jamaa zake wa porini, halafu zikachujwa hadi zibaki zile tu zinazotofautisha bila kubahatisha. Mbinu ya kukizidisha kipande kidogo cha DNA mpaka kiweze kupimwa, iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993, imeifanya kazi hii iwezekane katika maabara ya kadiri. Kipande kidogo cha jani kinatosha. Mti wenyewe hubaki pale pale ulipo, wala hauhisi kitu.

Hapa yafaa niondoe shaka moja. Tangu serikali yetu ilipopiga marufuku vyakula vya GMO kutoka ng'ambo mwaka 2012, na hata baada ya Baraza la Mawaziri kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2022, neno jeni likitajwa tu watu wengi hushtuka. Hofu hiyo ina mahali pake, lakini hapa sipo. Kuisoma alama ya mti si kuubadilisha mti. Askari anayekisoma kitambulisho chako hakubadilishii jina wala kabila.

Mfano wa pili ni mpapai. Kila mkulima wa mipapai aijua adha ya mpapai dume. Hupanda miche kadhaa katika shimo moja, huinywesha maji na kuipalilia kwa miezi, na ni pale tu maua yachanuapo ndipo aonapo kwamba ameitunza miti isiyozaa, akaing'oa. Alama za jeni zinazoitambua jinsia ya mpapai ungali mche mdogo zimekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini mimi, katika safari zangu zote za mashambani, sijapata kukutana na mkulima hata mmoja aliyewahi kuambiwa habari hizo. Elimu ipo duniani, mkulima yupo shambani, na kati yao hapana daraja.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa haja yetu ni maembe na mapapai, jamaa wa porini wanatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Mwembe tuupandao, Mangifera indica, una jamaa wengi, zaidi ya spishi 60, na makao yao ya asili yako Asia, hasa ile ya kusini-mashariki. Wengi wa jamaa hao matunda yao hayana soko. Lakini wamo waotao katika vinamasi ambako mwembe wa shambani ungeoza mizizi, na wamo wanaoyastahimili maradhi. Wataalamu wa Australia wameuzalisha mwembe wa kawaida na mwembe mwitu uitwao Mangifera laurina katika juhudi za kutafuta kinga dhidi ya ugonjwa wa chule, ule unaotia madoa meusi kwenye maua na matunda. Mche unaozaliwa kwa ndoa kama hiyo huweza kurithi kinga ya mzazi mmoja au ukaikosa. Kama alama iandamanayo na kinga inajulikana, mche huchaguliwa ukiwa na majani machache. Kama haijulikani, mtafiti hungoja miaka.

Basi jamaa wa porini ndio akiba ya ukoo mzima. Na akiba hiyo yaisha. Huko Kalimantan nchini Indonesia, mwembe uitwao kasturi, Mangifera casturi, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka porini. Umebaki katika mashamba na viwanja vya watu tu. Lau wanavijiji wale wasingaliupenda ule ukali wa harufu yake wakaupanda karibu na nyumba zao, leo pangekuwa na jina lake tu vitabuni. Aidha, kokwa ya embe si mbegu ya kuwekwa ghalani. Ikikaushwa hufa. Huwezi kuifungia katika chupa ndani ya friji kwa miaka mingi kama ufanyavyo mahindi au maharagwe. Mwembe huhifadhiwa ungali hai, ardhini, na mtu mwenye sababu ya kutoukata. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa urithi wa miembe ni yule mzee mwenye miti yake nyuma ya nyumba, awe Kalimantan au Lamu.

Sisi miembe mwitu hatunayo. Tunachojivunia ni aina zilizozoea mwambao wetu kwa vizazi: Ngowe, Dodo, Boribo, Batawi na nyinginezo, ambazo majina yake hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini tunao mti mmoja ambao ni wetu hasa, usiopandwa na mtu na unaozaa bila kupaliliwa, nao ni mbuyu.

Nani aliyekulia Pwani asiyezikumbuka mabuyu nyekundu zenye sukari, zilizotia rangi ulimi na mashati ya shule? Kwa wengi wetu mbuyu ulikuwa peremende ya watoto, kivuli cha wazee na maskani ya mashetani. Kwa wenzetu wa mbali umekuwa biashara. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula, na mwaka 2009 Marekani ikafuata. Tangu hapo unga wa tunda lililokuwa likiokotwa chini bure huko Kilifi, Kitui, Makueni na Taita Taveta umetafutiwa njia ya kuingia katika vinywaji na vyakula vya watu wasiowahi kuuona mbuyu kwa macho.

Je, twaujua mti huo? Ulimwenguni kuna spishi nane za mibuyu: sita ni za Madagaska, moja ni ya Australia, na moja ni huu wetu wa bara la Afrika, Adansonia digitata. Mwaka 2024 kundi la wanasayansi lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuzisoma DNA za spishi zote nane, na wakadokeza kwamba ukoo huo ulianzia Madagaska. Mmoja wa jamaa hao wa Madagaska, Adansonia perrieri, umo katika daraja la mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Mbuyu wetu nao una jambo lake la pekee. Jamaa zake hubeba nakala mbili za urithi, moja ya kila mzazi, kama ilivyo kwa binadamu. Wetu hubeba nne. Ndiyo maana kuzihesabu alama zake ni kazi ngumu zaidi, na huwezi kuazima tu hesabu za mti mwingine ukadhani zitafaa.

Hapa Kenya kazi imeanza. Mwaka 2019 palichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa mibuyu zaidi ya 200 ya kusini-mashariki mwa nchi yetu, katika makundi saba, manne ya bara na matatu ya mwambao. Watafiti walitumia alama tisa tu. Alama hizo tisa zilitosha kuonyesha jambo ambalo macho hayakuweza kuliona: kwamba mibuyu ya mwambao na mibuyu ya bara ni koo mbili zilizotengana, ambazo hazichanganyiki sana. Tena walikuta kwamba ndani ya kila kundi mna tofauti nyingi, dalili kwamba hazina yetu bado haijafujwa.

Habari hiyo si ya kupamba rafu za maktaba. Mtu akitaka kuanzisha mashamba ya mibuyu huko Kitui kwa miche iliyotolewa Kwale, au kinyume chake, anapaswa kujua kwamba anahamisha ukoo mmoja kwenda nyumbani kwa ukoo mwingine. Pengine utafaa, pengine hautafaa, lakini asifanye kama kipofu. Vilevile katika sehemu kadhaa za Afrika wakulima husema kwamba ipo mibuyu dume na mibuyu jike, kwa kuwa miti mingine hujaa matunda kila mwaka na mingine hutoa machache mno. Ua la mbuyu, lile jeupe linalofunguka usiku na kutembelewa na popo, lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Basi siri ya mbuyu usiozaa iko mahali pengine. Mkulima anayengoja mti wenye kuchukua miaka mingi kabla ya tunda la kwanza ana haki ya kutaka siri hiyo ichunguzwe mapema.

Na muda hautungojei. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 iliyo mikongwe zaidi barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au kuangukiwa na mashina yake ya kale zaidi katika muda wa miaka 12 hivi, mingi ikiwa kusini mwa bara. Mti uliovumilia zaidi ya miaka 1,000 wakufa katika kizazi chetu, nasi hatuna maandishi ya kilichokuwamo ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi nzima ilizinduka usingizini. Magazeti na televisheni zilionyesha mibuyu ya Kilifi iliyonunuliwa kwa wakulima, ikang'olewa na mizizi yake kwa matingatinga, ili ipelekwe katika bustani moja huko Georgia, nchi iliyo ufuoni mwa Bahari Nyeusi. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliiagiza Wizara ya Mazingira ichunguze iwapo kibali kilitolewa kwa njia halali na iwapo Wakenya wangepata mgao wa haki. Watu walikasirika, nami nilikuwa miongoni mwao. Hata hivyo sikuweza kumlaumu mwenye shamba. Kwake yeye mbuyu ule ulichukua nafasi ya mahindi, na aliyekuja na fedha mkononi alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yake kumwambia kwamba mti huo una thamani. Sisi wengine tulikuwa wapi miaka yote hiyo?

Tuliloliona Kilifi lilikuwa wizi au biashara yenye kelele. Matingatinga yalinguruma, lori lilionekana barabarani, na shimo lilibaki. Wenye macho walipiga picha. Lakini iko njia nyingine ya kuuchukua mti, nayo haina kelele wala haiachi shimo. Jani moja hutiwa katika bahasha, DNA yake husomwa maabarani, na herufi zake huhifadhiwa katika kompyuta ambako yeyote awezaye kuzitumia atazikuta. Akiisha kuzipata herufi, haja ya kurudi Kilifi kuomba ruhusa yapungua. Akitengeneza kitu chenye faida kutokana na herufi hizo, mwenye mti hatajua hata kama kulikuwa na faida.

Jamii ya mataifa imeanza kulishughulikia tatizo hilo. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wataka anayechukua urithi wa viumbe wa nchi nyingine apate idhini kwanza na agawane faida na wenyewe. Kuhusu herufi zilizomo katika kompyuta, Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao makampuni yanayonufaika na habari hizo yanahimizwa kuuchangia, na angalau nusu ya fedha zake inakusudiwa kuwafikia watu wa asili na jamii za mahali. Ni hatua njema. Lakini wanahimizwa, hawalazimishwi. Na mfuko wowote ule, uwe wa dunia au wa kijiji, humlipa yule awezaye kuonyesha kwamba mali ilikuwa yake. Asiye na daftari ataonyesha nini?

Naomba nisieleweke vibaya. Simpingi mwanasayansi wa kigeni, wala siombi tufunge milango na kuketi juu ya mibuyu yetu kama kuku juu ya mayai yaliyooza. Wengi wa wageni hao wamefanya kazi ya uaminifu pamoja na Wakenya, na bila wao tusingalijua hata haya machache tuliyoyataja. Wala si kweli kwamba sisi hatuna pa kuanzia. Shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, liko Gigiri jijini Nairobi. Hapo ndipo yalipo makao ya muungano uliotangazwa mwaka 2011 wa kuisoma DNA ya mimea 101 ya vyakula vya Afrika iliyopuuzwa, mbuyu na mng'ongo ikiwamo. Urithi wa mng'ongo ulichapishwa mwaka 2019. Hapo pia wakuzaji mimea wa Kiafrika wamekuwa wakifunzwa tangu mwaka 2013 namna ya kuzitumia alama hizi. Benki yetu ya taifa ya mbegu na mimea iko Muguga, mwendo mfupi tu kutoka jijini. Kinachokosekana ni barabara ya kutoka Gigiri na Muguga hadi Ganze, Mutomo na Mwatate.

Sheria nazo tunazo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea ya kienyeji, sifa zake za kijeni na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Kifungu cha 69 chaitaka serikali ilinde urithi wa jeni na wingi wa viumbe. Kanuni za kudhibiti uchukuaji wa urithi huo na ugawaji wa faida zimekuwapo tangu mwaka 2006, yaani miaka 16 kabla ya matingatinga kuingia Kilifi. Sheria isiyo na rekodi ya kile inachokilinda ni kama askari aliyeambiwa alinde nyumba bila kuonyeshwa mlango.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kaunti za Pwani na za Ukambani zianzishe daftari la miti mizazi. Kila mwembe unaotolewa vitawi vya kuuzwa, na kila mbuyu unaosifiwa kwa utamu au wingi wa matunda, uandikwe mahali ulipo, jina uitwalo na wenyeji, jina la mwenye shamba, na alama zake za jeni. Mwenye kitalu atakayetaka kibali aonyeshe miche yake ilitoka kwenye mti gani. Miche michache ikipimwa kila msimu bila kumwarifu mwenyewe, udanganyifu uliompata rafiki yangu utapungua wenyewe, kwa maana mwizi huogopa mahali penye taa.

Pili, jani lisitoke shambani bila makubaliano. Mtafiti, awe wa Nairobi au wa ng'ambo, aseme kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa ni nini anachukua, atakifanyia nini, na matokeo atayaleta lini. Na ayalete kweli. Uchunguzi wa mwaka 2019 una habari zenye manufaa kwa wazee wa Kilifi na Kitui, lakini ulichapishwa kwa lugha wasiyoisoma, katika jarida wasiloliona. Ni ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, Kigiriama au Kikamba uliohitajika. Wenyeji walioilinda misitu ya Kaya kwa karne kadhaa, hadi UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, hawashindwi kuuelewa ukurasa huo.

Tatu, mwenye mti wa thamani alipwe kwa kuutunza. Maadamu tumekubaliana kwamba mwembe wa kale hauhifadhiki ghalani, na kwamba mbuyu wa miaka 500 hauwezi kupandwa upya kesho, mlinzi wake anafanya kazi ya taifa. Tusimwachie kazi hiyo peke yake, kisha siku ya karo ya watoto tumshangae akiuuza.

Najua lipo jibu litakalotolewa: kwamba nchi yenye hospitali zisizo na dawa haina fedha za kusomea miti. Jibu hilo nimelisikia kwa muda mrefu, na kila mara hutolewa na watu wasiolala njaa. Kiangazi kikija Kitui na mahindi yakanyauka, ni mbuyu, mkwaju na mng'ongo vinavyobaki vimesimama. Mwaka ambao mvua imekosa ndio mwaka ambao miti hii huwa hospitali, duka na ghala kwa pamoja. Kuisoma si anasa. Ni kuikagua akiba kabla ya siku ya shida.

Rafiki yangu wa Malindi hakuikata ile miembe yake 11. Ameamua kuipandikiza upya, kitawi kwa kitawi. Safari hii vitawi amevichukua kwa mkono wake mwenyewe kwenye mwembe wa jirani ambao matunda yake ameyala kwa miaka 20. Hiyo ndiyo alama aliyo nayo: ulimi wake na kumbukumbu yake. Imemtumikia vizuri, nami naiheshimu. Lakini yeye ana umri wa miaka 68, na jirani yake amemzidi. Siku wazee hao wawili watakapoondoka, nani atakayejua ni mwembe upi?

Mbuyu ulianza kama mchicha. Daftari nalo laweza kuanza na ukurasa mmoja, kaunti moja, na miti 100. Tukianza leo tutakuwa tumechelewa, lakini tutakuwa tumeanza. Tukingoja, tutakuja kuinunua elimu ya miti yetu wenyewe kwa watu waliokuja kuichukua kwa bahasha, na hapo hatutakuwa na shimo la kupiga picha wala la kulililia.